Mpira wa kioo na nikeli za kobe ya zamani: namna ya kuvitafuta ukiwa Unguja

Gari ya mjomba wangu, Volkswagen kobe, ilikaa miaka chini ya mwembe huko Mwanakwerekwe, milango imefungwa na vioo vimepandishwa mpaka juu. Siku niliyokwenda kuichukua ilikuwa katikati ya masika. Nilipofungua mlango wa dereva maji yalinimwagikia miguuni, mekundu kwa kutu, yana majani ya mwembe ndani yake. Paa lilikuwa zima, halina tundu. Maji yote yale yaliingilia kwenye mipira ya vioo, iliyokuwa imekakamaa kama maganda makavu ya muhogo na kuachana na bati kwenye kona.

Kutafuta mipira ile na nikeli zake, ile mikanda ya kung'aa inayozunguka vioo, kulinichukua muda mrefu kuliko injini, breki na rangi kwa pamoja. Injini ya kobe ina mafundi wake, na breki zina njia zake. Mpira wa kioo hauna fundi. Kila duka unaloingia unaulizwa gari gani, ukijibu unaambiwa hakuna, au unauziwa kitu kisichokaa. Nayaandika haya kwa mwenye kobe, lakini mwenye Morris Minor, Peugeot 404 au Land Rover ya zamani atapata lake karibu kila hatua, maana kiini ni kimoja: unatafuta umbo la mpira, hutafuti jina la gari. Kamata hilo kabla hujatoa hata shilingi.

Usiidharau kazi hii. Vizingiti vya kobe, yale mabati ya chini ya milango, vina uwazi ndani. Humo ndimo hewa ya moto kutoka kwenye injini inamopita kwenda mbele. Maji yakishuka kutoka kwenye kioo hutua sakafuni, yakaingia kwenye vizingiti, na bati likaanza kuliwa kwa ndani huku nje rangi ingali inang'aa. Ukiongeza na upepo wetu wa bahari, kusi na kaskazi, chumvi mwaka mzima, utaona kwa nini gari iliyopigwa rangi bila ya kubadilishwa mipira hairudishi fedha ya rangi.

Hatua ya kwanza: ujue mwaka wa gari, si mwaka wa kadi

Kadi ya gari hukwambia ilisajiliwa lini. Haikwambii ilitengenezwa lini, na kwenye vioo tofauti ya miezi michache ni tofauti ya mpira mzima. Inua kiti cha nyuma, safisha vumbi kwenye ule mgongo wa katikati ya sakafu, utaona nambari ya chesisi imepigwa kwenye bati. Nambari hiyo hiyo iko kwenye kibao mbele, nyuma ya tairi la akiba. Kuanzia modeli ya 1965, tarakimu mbili za mwanzo ni aina ya gari na ya tatu ni mwaka wa modeli. Ya kwangu inaanza na 116, yaani kobe ya modeli ya 1966. Na mwaka wa modeli wa Volkswagen ulikuwa unaanza Agosti: gari yangu ilitoka kiwandani baina ya Agosti 1965 na Julai 1966.

Kwa nini Agosti? Kwa sababu mabadiliko makubwa ya vioo yaliingia mwezi huo. Kobe za mwanzo kabisa zina kioo cha nyuma cha vipande viwili, mpaka Machi 1953. Kikaja kimoja cha umbo la yai, mpaka Julai 1957. Agosti 1957 kikawa cha mstatili, na cha mbele kikapanuliwa. Agosti 1964 vioo vyote vikaongezwa ukubwa na cha mbele kikapindwa kidogo. Agosti 1971 cha nyuma kikaongezwa tena kwenda juu. Na Agosti 1972 ikatoka kobe aina ya 1303, yenye kioo cha mbele kilichojipinda sana, ambacho mpira wake hauingii kwenye kobe nyengine yoyote. Basi anayekwambia "huu ni mpira wa kobe, kobe zote sawa" msikilize kwa adabu, kisha ondoka.

Kuna mtego mmoja zaidi. Brazil iliendelea kutengeneza kobe zenye vioo vidogo muda mrefu baada ya Ujerumani kuvipanua. Mpira ulioandikwa kuwa ni wa gari ya 1975 ya Brazil unaweza kukubali gari ya Ujerumani ya 1963 na ukaikataa ya 1975. Muuzaji akikutajia mwaka, muulize na nchi.

Ukipata nambari ya kipuri, itazame katikati. Nambari za Volkswagen za wakati ule huandikwa kwa mafungu ya tarakimu tatu tatu. Fungu la kati likiwa 845, hicho ni kioo au mpira wake, likiwa 853, hiyo ni nikeli au urembo. Ni kitu kidogo lakini kimeniokoa mara mbili kulipia kitu nisichokitaka.

Hatua ya pili: kata kipande

Hii ndiyo hatua ninayoiombea kila mtu asiiruke.

Mpira wa zamani usiutupe, hata ukiwa umepasukapasuka. Tafuta sehemu iliyonyooka, kwa kawaida katikati ya upande wa chini, ambako jua halikuupiga sana. Chukua wembe mpya, uloweshe kwa maji ya sabuni ili usikwame, ukate kipande chembamba, unene wa sarafu, wembe ukiwa umesimama wima kabisa. Ukikata mshazari vipimo vyote vitakudanganya. Kipande hicho ukikilaza kwenye kiganja utaona sura ya mpira kwa ndani: mfereji mmoja ulioshika kioo, mwengine ulioshika mdomo wa bati, midomo miwili ya kufunika, na kwa gari zenye nikeli, mfereji wa tatu mwembamba upande wa nje, kama mkato wa kisu, ambamo nikeli inakaa.

Sasa kibonyeze kwenye pedi ya wino wa mihuri, kisha kigonge kwenye karatasi ya miraba. Utapata chapa ya mpira wako kwa ukubwa wake halisi. Gonga tano au sita, andika chini yake ni wa kioo gani, na weka rula pembeni upige picha. Chapa ile ndiyo lugha ya dukani. Hailazimu muuzaji kuijua gari yako, wala kuwahi kuiona. Anaangalia, anaingia stoo, anarudi na kitu kinachofanana au anakwambia hana, na wote wawili mnajua mnazungumzia nini.

Kipande hakitoshi peke yake, kwa sababu mpira mkongwe umesinyaa. Unene wa kioo upime kwenye kioo chenyewe, kwa vernia kalipa kama unayo. Mdomo wa bati upime baada ya rangi, si kabla, kwani praima na rangi mpya huunenepesha na mpira ukaja kukataa kuingia. Na urefu wa kuzunguka usiupime kwenye mpira wa zamani hata kidogo. Chukua uzi wa kushonea nyavu, usiovutika, uzungushe kwenye mdomo wa bati pande zote, kata, kisha uunyooshe sakafuni na upime. Kwenye kioo changu cha nyuma mpira ulikuwa mfupi kuliko uzi kwa upana wa viganja viwili. Ndiyo maana kona zilikuwa wazi.

Kobe ya milango miwili ina vioo vinne visivyofunguka: cha mbele, cha nyuma na viwili vya ubavuni nyuma. Kila mlango una mpira wa kile kijioo cha pembetatu, cheneli yenye manyoya ambamo kioo kinapanda na kushuka, mikanda miwili ya kufuta kioo, wa ndani na wa nje, na mpira mkubwa wa mlango wenyewe. Kushoto na kulia si sawa kwenye mpira wa mlango na wa kijioo. Viandike vyote kwenye karatasi moja kabla hujaanza kuuliza, ili siku ukiwa Dar na boti inaondoka saa kumi usiwe unakumbuka njiani.

Hatua ya tatu: iokoe nikeli kwanza

Mpira unaweza kutengenezwa upya, na kweli bado unatengenezwa. Nikeli ya zamani iliyonyooka ni adimu. Kwa hivyo wakati wa kuvua, unaoutoa mhanga ni mpira. Ukishapata vipande vyako vya chapa, kata mdomo wa nje wa mpira kwa kisu kikali pande zote, mwenzako asukume kioo taratibu kutoka ndani, wewe ukipokee nje. Kisha, juu ya meza, endelea kuukata mpira mpaka nikeli ijiachie yenyewe. Usiitie bisibisi chini yake ukaing'oa gari ikiwa imesimama. Ikikunjika mara moja tu, ule mkunjo utauona kila ukiwasha gari jua la asubuhi.

Nikeli ya vioo vya kobe kwa hakika si nikeli wala kromu, ingawa sote tunaiita hivyo. Ni aluminiamu iliyotiwa ngozi ya kuilinda. Jaribu sumaku: ikishika, ni chuma kilichopigwa kromu, isiposhika na kitu ni chepesi, ni aluminiamu, isiposhika, ni kizito na penye mkwaruzo panaonesha manjano, ni shaba. Chuma kisichoshika kutu mara nyingi hakishiki sumaku, au hushika kidogo tu. Ujue kwanza unashika nini, maana dawa ya kimoja ni sumu ya chengine.

Inakuja nusu mbili, na zinapokutana kuna kibati kidogo cha kufunika kiungo, juu na chini. Kibati hicho ni kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Changu kimoja kilianguka kwenye majani siku ile ile ya kwanza na sikukiona tena. Nilihangaika wiki kadhaa, mpaka nikaenda kwa sonara wa Mji Mkongwe nikiwa na kile kilichobaki kwenye kiberiti. Alikigeuza chini ya taa yake, akachukua kipande cha bati jembamba la aluminiamu, akakipinda juu ya fuawe kwa nyundo ndogo, akakilinganisha, akakirudisha, akakilinganisha tena. Dakika ishirini hazikufika. Tangu siku hiyo nikajua kwamba fundi wa nikeli hapa kwetu humpati gereji, unampata kwa masonara na kwa wale wanaopiga shaba za masanduku na milango.

Yeye ndiye aliyenifundisha kunyoosha. "Mwanangu," aliniambia, "hii ukiipiga sana pahala pamoja inakuwa ngumu, halafu inapasuka. Uilainishe kwanza." Akaipaka sabuni ya kipande ile ya kawaida, akapitisha moto mdogo kwa chini bila ya kutulia mahali pamoja, na sabuni ilipogeuka nyeusi akatoa moto na kuiacha ipoe. Sabuni ndiyo kipimajoto: ikishageuka nyeusi aluminiamu imelainika, na ukizidisha moto baada ya hapo inayeyuka bila ya kukuonya, haiwi nyekundu kama chuma. Kisha bonde dogo linapigwa kwa ndani, nikeli ikiwa imelala juu ya mti laini, kidogo kidogo kutoka kingo kuelekea katikati.

Ikishanyooka, msasa wa maji nambari 400, kisha 800, kisha 1200, halafu dawa ya kung'arishia. Lakini ile ngozi ya kiwandani ni ngumu kuliko aluminiamu yenyewe na msasa utakuchosha bure ikiwa bado ipo. Huondolewa kwa kostiki soda, ile ile wanayotumia akinamama wa Paje na Jambiani kwenye sabuni ya mwani. Fanya nje, penye upepo, uvae glavu na miwani. Soda unaitia kwenye maji, humimini maji juu ya soda. Chombo kiwe cha plastiki, na sufuria ya aluminiamu isikaribie. Mapovu utakayoyaona ni gesi inayowaka, basi pasiwe na moto wala sigara. Dakika chache tu, toa, suuza kwa maji mengi, pitisha siki, suuza tena. Na baada ya hapo nikeli yako haina ngozi. Hewa ya bahari itaififisha usipoipaka nta kila baada ya wiki chache. Mimi naipaka kila mwezi unapoandama, nisisahau.

Hatua ya nne: anza kutafuta karibu

Kuna kobe na gari nyengine za zamani ndani ya nyua za watu Unguja nyingi kuliko unavyofikiri, zimefunikwa turubai, zimeshuka matairi. Waulize mafundi wazee wa bati, wao wanajua ipi iko wapi. Lakini gari nyingi kati ya hizo ni za marehemu, na gari ya marehemu ina warithi. Kijana mmoja wa nyumba anaweza kukuuzia nikeli jioni, na kesho yake dada yake akakujia mlangoni. Mimi huomba kuonana na mkubwa wa familia, nasema ninachokitaka kipande kwa kipande, tunapatana bei mbele ya watu wawili, na tunaandikiana. Mara moja nilikataliwa kabisa. Bibi mwenye nyumba alisema gari ya mumewe haivuliwi kitu. Nilimshukuru, nikamwombea marehemu, nikaondoka. Mwaka uliofuata aliniita mwenyewe.

Kwenye gari kama hizo mpira hauna thamani ila ya chapa. Unachotaka ni nikeli, vibati vya viungo, fremu za vijioo vya pembetatu na vioo visivyokwaruzika. Pemba usiipuuze: gari Chake na Wete ni chache, lakini zikisimama zinasimama pale pale, hazihamishwihamishwi.

Mafundi wa boti za faiba ni mlango mwengine. Vioo vya boti hukaa kwenye mpira wenye mifereji miwili mgongo kwa mgongo, na pengine una mkanda wa kubana unaoingizwa mwisho. Kwa vioo vya ubavuni vya gari isiyokuwa na nikeli, mpira huo unaweza kukubali, chapa zikilingana. Mafundi wa mabodi ya daladala nao huwa na mabaki ya mita mbili tatu ambayo hawana kazi nayo.

Hatua ya tano: Dar, kisha mbali

Dar nenda Gerezani na Kariakoo, asubuhi, kabla ya joto na zogo. Nilipofika dukani mara ya kwanza nilisema "nataka mpira wa kioo cha kobe," na nikauziwa. Ulikuwa ni mpira wa kobe kweli, wa ukubwa wangu kweli, ila haukuwa na mfereji wa nikeli. Ulikuwa wa zile kobe za bei nafuu ambazo hazikutoka na nikeli kiwandani. Duka halikukubali kuurudisha kwa kuwa nilishaujaribu. Safari nzima ya boti, kwenda na kurudi, ikapotea. Safari ya pili nilikwenda na chapa zangu na vipande kwenye mfuko. Muuzaji, mtu mzima, akakichukua kipande cha cheneli akakinusa, akakivuta, akasema, "Hiki cha manyoya ninacho kwa mita. Hiki cha mbele, kaka, usikitafute hapa, utapoteza siku. Agiza."

Alinieleza kweli, na mgawanyo wake bado naufuata. Vinavyopatikana kwa mita, au kwa kuazima kutoka gari nyengine, ni cheneli za manyoya, mikanda ya kufuta kioo na mara nyengine mpira wa mlango. Vya kuagiza ni mpira wa kioo cha mbele na cha nyuma wenye mfereji wa nikeli, na mpira wa kijioo cha pembetatu, kwa sababu huo umemiminwa kwenye kalibu na kona zake haziigiki.

Ukiunga mpira wa mita, kata ncha zote mbili wima na sawa, zikwaruze kidogo kwa msasa, ziunge kwa supaglu, na kiungo kikae juu katikati. Chini ndiko maji yanakotuama.

Nairobi ni mbali lakini ina hazina, hasa Barabara ya Kirinyaga ambayo watu bado wanaiita Grogan. Kobe zilipendwa sana upande huo. Moja ilishinda Safari Rally ya 1962. Mwenye Peugeot 404 naye akumbuke kwamba Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mbio hizo na gari hiyo 1966 na 1967. Gari zilizopendwa hivyo huacha masalia.

Kuagiza nje, kobe ina bahati: Volkswagen yenyewe ina kitengo cha vipuri vya gari zake za zamani, Volkswagen Classic Parts, na wapo watengenezaji wengi Ujerumani na Uingereza. Muulize muuzaji mambo haya kabla ya kulipa. Akutumie picha ya ncha iliyokatwa, rula ikiwa pembeni. Akwambie kona zimemiminwa au zimeungwa. Akwambie mpira ni wa aina gani: EPDM, yaani mpira wa kutengenezwa kiwandani, inastahimili jua letu, mpira wa asili hupasuka mapema. Na akwambie umetengenezwa mwaka gani, kwa sababu hapa pana kosa la wengi. Wanaona tangazo la kipuri cha kiwandani cha zamani ambacho hakijawahi kutumika na wanakikimbilia. Kwa nikeli, kikimbilie. Kwa mpira, achana nacho. Mpira huzeeka ndani ya boksi lake, na wa miaka arobaini utakatika mikononi siku ya kuutia.

Forodha waulize kabla mzigo haujaondoka huko, uwe na risiti na nambari ya kipuri, ili usiwekewe thamani ya kukisia. Na kama unabebewa na msafiri, mpira ukunjwe kwa duara pana, usibanwe na kamba. Nikeli ifungwe juu ya ubao wa plaiwudi kwa vitambaa, umbo lake lote likiwa limelala. Nusu moja ya nikeli yangu ilipakiwa juu ya gunia la vitunguu kwenye boti, na niliipokea bandarini Malindi, hapa Unguja, ikiwa na mkunjo katikati. Sonara aliifanyia kazi siku mbili.

Hatua ya sita: kutia

Kabla ya yote shughulika na kutu. Kwangua mdomo wa bati mpaka chuma kionekane, ziba matundu kwa bati jipya lililochomelewa, tia praima na rangi, na uache ikauke vizuri. Mpira mpya juu ya kutu ni kuifunika tu.

Mipira ianike juani nusu saa ilainike. Jua si tatizo letu. Valisha mpira kwenye kioo kwanza, kioo kikiwa mezani juu ya blanketi. Kisha tia nikeli kwenye mfereji wake hapo hapo mezani. Hili wengi hulikosea: wakishatia kioo garini wanajaribu kuipachika nikeli, haiingii, wanaipiga, inaharibika. Kwenye kobe nikeli huingia kwenye mpira kabla kioo hakijaingia kwenye gari.

Chukua kamba laini ya nailoni, itie ndani ya mfereji wa bati kuzunguka pande zote, ncha mbili zipishane chini katikati na zining'inie. Paka mdomo wa bati maji ya sabuni. Usipake grisi wala oili ya gereji, EPDM huvimba kwa mafuta. Mtu wa nje aweke kioo mahali pake, aanze na upande wa chini, akisukuma kwa viganja vilivyofunguka. Wa ndani avute kamba taratibu, na mdomo wa mpira utapanda juu ya bati kidogo kidogo. Pakikwama simama, ongeza sabuni, rudia. Kioo cha mbele hakipasuki kwa kusukumwa kwa upole. Hupasuka kwa kugongwa ngumi kwenye kona na mtu aliyechoka. Kazi hii ianze baada ya alfajiri, na mkikasirikiana mnywe chai kwanza.

Penye shaka ya kuvuja, tia dawa ya kuzibia isiyokauka ikawa ngumu, baina ya mpira na bati. Silikoni inayonuka siki isiguse gari yako: harufu ile ni asidi, na inakula bati.

Mpira wa mlango ukaguliwe kwa karatasi. Funga mlango juu ya kipande cha karatasi, kivute. Kikitoka bila ya kushikwa, hapo maji yatapita. Kikikatika, mpira ni mnene mno na mlango utakuja kupinda bawaba zake. Uzunguke mlango wote hivyo hivyo, hatua kwa hatua, kila urefu wa kiganja.

Mwisho, mtu mmoja aingie ndani na tochi, mwengine amwagie maji ya mpira wa bustani kuanzia chini kwenda juu, dakika tano kila kioo. Ukianzia juu, maji yatashuka na hutajua yameingilia wapi. Mwanangu wa miaka tisa ndiye aliyekaa ndani ya yangu. Alipiga kelele mara moja, kona ya chini ya kioo cha nyuma upande wa kushoto, tone moja. Tukaivuta kamba upya pale, mdomo ulikuwa umejikunja ndani. Tukamwaga tena, akawa kimya mpaka nikafungua mlango mwenyewe kumwangalia.

Vile vipande vilivyokatwa nimevitia kwenye mfuko wenye majina, pamoja na chapa zake, na mfuko uko kwenye boneti chini ya tairi la akiba. Atakayeirithi gari hii atavihitaji.